Kikombe cha Mkwe

Bi Rukaya wa Sindeni hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Umwalike arusini, atakuja na kuku chini ya kwapa. Ufiwe, atakuja na unga kichwani kabla hujamaliza kulia. Ukimwambia, "Njoo tu bibi, usilete kitu," atakuona umemvunjia heshima, na mwezi mzima atakununia. Jirani zake humtania kwamba hata siku ya Kiyama atapanga foleni na kikapu chake, akitafuta malaika wa kumkabidhi.

Leo ana miaka sitini na minane, na ukikaa naye muda wa kumenya mihogo miwili atakwambia, bila kuulizwa, kwamba mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomharibia mkwewe dawa. Watu humkatalia. Nesi alimkatalia. Mwanawe humkatalia mpaka kesho. Yeye hasikii la mtu. Na ukimsikiliza hadi mwisho utaona kwamba haki ya kulia anayo, ingawa haki ya kujiita muuaji hana.

Mkwe mwenyewe aliitwa Isihaka. Alimwoa Mwaija, mtoto pekee aliyembakia Bi Rukaya kati ya watano, wakahamia Korogwe mjini, mtaa wa Manundu, na huko Isihaka akashona nguo miaka ishirini na miwili kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mama Jyotsna. Alikuwa fundi wa watu wote: suruali za walimu, kanzu za Idi, sare za wanafunzi. Mpole, mrefu, mwenye mazoea ya kubana pini midomoni hata akiwa hana cha kushona.

Bi Rukaya alimpenda mkwe huyu kwa namna ambayo hakuweza kuionyesha, maana yeye ni Mzigua wa zamani, na katika ukoo wao mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hawatazamani usoni. Hawali sinia moja. Akiwa na neno, huyu atamwambia Mwaija, naye Mwaija atamwambia yule, hata kama wote watatu wako uwanja mmoja na wanasikiana. Salamu walipeana mlango ukiwa kati yao. "Shikamoo mama," atasema Isihaka akiwa ndani, na Bi Rukaya akiwa nje atajibu, "Marahaba baba," akiangalia upande wa choo. Vijana wa siku hizi hucheka mambo haya. Wao walikuwa hawacheki, na kwa miaka ishirini na miwili hawakuwahi kukwaruzana hata mara moja.

Kila Idi Isihaka alimshonea mama mkwe gauni. Sasa fundi atampimaje mkwe wake? Kumzungushia futi mama aliyemzaa mke wako, hata mwendawazimu hawezi. Kwa hiyo Mwaija alikuwa akienda Sindeni anaiba gauni kuukuu la mama yake, Isihaka anachukua vipimo humo, kisha gauni linarudishwa kimyakimya. Bi Rukaya alijua siku zote. Alikuwa analiacha gauni juu ya kitanda makusudi, limekunjwa, ili mwizi asipate tabu. Alipofiwa na mumewe, ni Isihaka aliyeezeka nyumba yake bati, na siku ya kuezeka alijificha nyuma ya nyumba ili asishukuriwe.

Ugonjwa ulianza kwa mkojo wa damu. Kwa watu wa mabondeni, mkojo wa damu una jina moja tu, kichocho, na hakuna mwanamume aliyekulia kwenye madimbwi ya Korogwe asiyewahi kukojoa damu utotoni. Isihaka akameza dawa za kichocho. Damu ikakoma, ikarudi. Akameza tena. Mwaka ukapita hivyo, huku ubavu wa kushoto ukimuuma kila akiinama kwenye cherehani. Walipofika hospitali kubwa na kupigwa picha, figo lilikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi, na vipande vyake vilikwishatangulia mapafuni. Daktari akasema kisu hakitafaa kitu tena.

Lakini akasema kuna utafiti. Wagonjwa wenye kansa ya figo iliyosambaa walikuwa wanagawanywa makundi mawili: hawa wanapewa vidonge vilivyotumika miaka mingi, wale wanapewa vidonge vipya, kisha wanafuatiliwa ili ijulikane ipi kati ya dawa hizo inarefusha maisha zaidi na ipi inatesa zaidi. Nani aingie kundi gani haikuwa hiari ya mtu, kompyuta ndiyo iliyochagua. Wagonjwa wa upande huu walifunguliwa kliniki ndogo Korogwe, na nesi wa utafiti aliitwa Munira. Isihaka alipoelezwa alicheka, akamwambia Mwaija, "Kumbe na madaktari nao wanapiga kura." Akatia sahihi kila ukurasa, kwa mwandiko ule ule alioandikia majina ya wateja kwenye vitambaa.

Sharti lilikuwa hili. Kila baada ya wiki mbili apimwe damu, presha na mkojo, na vidonge vilivyobaki vihesabiwe. Mwili ukizidiwa, dawa itasimamishwa. Ukizidiwa mara ya pili, atatolewa, na akitolewa basi, maana dawa ya namna ile kwa kununua hata Mama Jyotsna na duka lake zima asingeimudu. Kwa hiyo nyumba nzima iliishi kwa jambo moja: Isihaka abaki ndani ya utafiti.

Bi Rukaya alipata habari mwezi wa sita. Mkwe anameza dawa ya vidonge vya wazungu, hali chakula, kila kitu kinamnuka, ugali anasema una ladha ya msumari. Alimsikiliza Mwaija kwenye simu, akazima, akaenda nyuma ya nyumba. Pale ulikuwa mbalungi alioupanda marehemu mumewe, na matunda yalikuwa yamejaa hadi matawi yanagusa chini. Mtu akikosa hamu ya kula kutokana na homa, Sindeni anakamuliwa balungi. Mama yake alifanya hivyo, bibi yake alifanya hivyo. Akajaza kiroba, akapanda gari, akafika Manundu saa tisa alasiri na jasho la safari na furaha ya mtu aliyepata la kufanya.

Kesho yake alfajiri, baada ya kuswali, akakamua kikombe kizima cha bati. Akakiweka kwenye kigoda mlangoni pa chumba cha mgonjwa, akageuza uso, akakohoa. Pazia likacheza. Akasikia Mwaija ananong'ona jambo, kisha akasikia mkwewe anakunywa, funda kwa funda, mpaka mwisho. Kikombe kikarudi kitupu.

"Mama," Mwaija alitoka akasema, "anasema ahsante."

"Mwambie bado yapo," akajibu Bi Rukaya, na siku hiyo alifagia uwanja mara mbili.

Ikawa ndiyo desturi. Kila alfajiri kikombe, kikohozi, pazia, funda, ahsante. Matunda yakipungua anarudi Sindeni kuchuma mengine. Majirani wa Manundu walimsifu, na yeye sifa hazikumchukiza. Mwisho wa mwezi wa nane Isihaka alipigwa picha nyingine, na majibu yakaja kwamba vile vipande vya mapafuni vimepungua karibu nusu. Mwaija alilia sokoni mbele ya watu. Bi Rukaya akaigawa sifa: nusu akawapa madaktari, nusu akajichukulia mwenyewe kwa ajili ya balungi. Mungu amsamehe, na sisi tumsamehe, maana nani kati yetu hajajipakulia sifa isiyo yake?

Haukupita muda nyayo za Isihaka zikaanza kuchubuka, akawa anatembea kwa visigino kama mtu anayekanyaga kaa la moto. Akaharisha siku nne mfululizo. Macho yakapiga umanjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Kliniki wakapima damu wakakuta ini linalia. Dawa ikasimamishwa wiki mbili na nusu.

Katika siku hizo Bi Rukaya alikuwa kwake anapukuchua mahindi, na alikosa usingizi. Alijilaumu kwa kuondoka. Alijisemea kwamba mgonjwa amezidiwa kwa sababu hakuna wa kumkamulia. Aliposikia ini limetulia na amerudishiwa dawa, kwa kipimo kidogo, hakusubiri hata mahindi yaingie ghalani. Alifika Manundu na viroba viwili, na safari hii akakamua vikombe viwili kwa siku, cha alfajiri na cha jioni.

Wiki ya tatu ini likalia tena, zaidi ya mara ya kwanza. Kanuni ni kanuni. Isihaka akatolewa.

Alirudi kutoka kliniki siku hiyo akaomba apelekwe barazani kwa Mama Jyotsna. Akakaa kwenye cherehani yake saa nzima bila kushona. Bi Rukaya aliambiwa tu kwamba dawa imemshinda, na alimchukia yule aliyeitengeneza, popote alipo duniani, chuki ya kweli. "Dawa gani inayomla mtu kuliko ugonjwa!" aliwaambia wanawake kisimani. Uvimbe ulikuwa kama uliosubiri ruhusa. Mwezi wa kumi na moja kikohozi kilianza kutoa damu, na mwezi wa kumi na mbili, Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, Isihaka akafa, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Mwaija. Bi Rukaya alikuwa upande wa pili wa pazia. Hata siku hiyo hakuingia.

Baada ya arobaini, moyo ulimwambia aende akamshukuru nesi. Munira alikuwa amefika msibani, alikaa mkekani na wanawake siku mbili, akaosha vyombo. Mtu wa namna hiyo humwachi hivi hivi. Mti ulikuwa umebakiza matunda machache ya juu kabisa, makubwa, ya mwisho wa msimu. Akamwomba mtoto wa jirani apande, akachagua kumi na mawili yaliyo safi, akayafuta moja moja kwa kanga.

Munira alimpokea kwa mikono miwili. "Shikamoo bibi! Karibu, karibu kiti. Poleni tena jamani."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Nimekuletea zawadi, ndogo tu." Akafunua kikapu. "Haya ndiyo aliyokuwa anakunywa mwenzetu. Ndiyo yaliyompa nguvu. Mpaka anatolewa kwenye dawa yenu, nikiwepo hakuacha hata siku moja."

Nesi alikuwa ameshanyoosha mkono kulipokea moja. Mkono ukabaki hewani.

"Bibi," akasema polepole, "Mzee Isihaka alikuwa anakunywa haya?"

"Kila siku. Mwishoni mara mbili. Nilikuwa namkamulia mwenyewe."

Munira aliinuka, akafunga mlango, akarudi na faili. Angeweza kunyamaza. Bi Rukaya mpaka leo hajui kama amshukuru au amlaumu kwa kutonyamaza. Alitoa karatasi moja iliyochorwa picha, ili hata asiyejua kusoma aelewe, na katikati ya picha hizo lilikuwepo balungi lililokatwa nusu, na juu yake msalaba mwekundu. Chini ilikuwepo sahihi ya Isihaka, ile ya fundi, imenyooka kama mshono.

"Tunawaambia wote, siku ya kwanza," Munira alisema. "Balungi linalizuia ini lisiivunje dawa kwa wakati wake. Mtu anameza kidonge cha leo, cha jana bado kipo, na cha juzi bado kipo. Inajilimbikiza. Siku anatolewa nilimuuliza mbele ya Mwaija. Nikamwambia, mzee, hakuna kitu tulichokukataza unachokula au kunywa? Akasema hakuna."

Bi Rukaya aliweka kidole juu ya picha ya balungi.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana, bibi. Sikiliza. Dawa hii peke yake inalitesa ini, wapo waliotolewa ambao balungi hawajalinusa. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa umefika mbali. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika."

"Lakini inawezekana."

Munira alikuwa binti mkweli. "Inawezekana, bibi."

Kisha akasema jambo ambalo Bi Rukaya hakulielewa vizuri siku ile, akalielewa baadaye akiwa jikoni kwake. Nesi alisema itabidi aandike. Huko wanakolinganisha dawa hizi mbili, ini la Isihaka lilikuwa limehesabiwa kuwa kosa la dawa. Wagonjwa wengine wangepimiwa kwa hesabu hiyo. Sasa lazima ijulikane kwamba kulikuwa na kitu kingine ndani ya kikombe.

"Andika," Bi Rukaya alisema. "Andika na jina langu."

"Majina hatuandiki, bibi."

Alikiacha kikapu palepale. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alitembea barabarani hana kitu mkononi wala kichwani, na hakujua mikono aiweke wapi.

Mwaija alikuwa uani anachambua choroko. Alimwona mama yake anaingia, akaona uso, akauweka ungo chini.

"Nimetoka kwa Munira," Bi Rukaya alisema. Hakukaa. "Amenionyesha karatasi. Mumeo alikatazwa balungi."

Mwaija hakuuliza karatasi gani. Hakushangaa. Aliinamisha kichwa tu, na kwa kule kuinama mama akajua yote.

"Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ya kwanza." Mwaija alianza kulia bila sauti. "Ulipokiweka pale tukatazamana. Nikamwambia, nipe nikamwage dirishani. Akasema, 'Mama amesimama pale nje anasikiliza. Nisipokunywa atajua.' Nikamwambia basi niende nikamweleze. Akanikataza. Akasema, 'Utamwambia nini mama mkwe wangu? Kwamba amebeba kiroba kutoka Sindeni na mkwewe amekikataa? Kurudisha cha mkwe ni kurudisha radhi.' Akasema kikombe kimoja hakiui mtu."

"Havikuwa kimoja."

"Havikuwa kimoja. Kila siku nilimwambia. Mara ya kwanza ini lilipolia nilimpigia magoti. Akasema sasa ndiyo hawezi kabisa, maana mama akijua leo atajua ni yeye aliyemwumiza, atakufa kwa majonzi. Alisema atakunywa kidogo kidogo." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Tena mama, alikuwa anakipenda. Alisema dunia nzima imekuwa msumari, ni hicho tu chenye ladha."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema chochote kuhusu anayeficha ili asimwumize mtu. Walisema pia heshima si utumwa. Hilo Isihaka alilisikia tangu utotoni kama sisi sote, na kama sisi sote hakuwahi kulipima.

Bi Rukaya alikaa chini, juu ya mchanga, hakutafuta hata mkeka. Alikuwa akijiona amesimama mlangoni, amegeuza uso kwa adabu, anasikiliza funda kwa funda, anafurahi. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Angegeuka mara moja tu akafunua pazia, angemwona anavyokunywa.

"Na wewe?" aliuliza. "Yeye ni mkwe, amefungwa na adabu. Wewe ni mwanangu niliyekunyonyesha. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa kukuaibisha mbele yake."

"Bora ungenitukana, Mwaija!" Sauti ilimtoka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. "Ungesimama hapa uani ukanitukana, wewe mwanamke mshamba, chukua mabalungi yako urudi kwenu! Majirani wangesikia, ningepanda gari nalia, nisingekanyaga hapa mwaka mzima. Ningekuchukia, mwanangu. Na yeye angekuwa..."

Mwaija alisogea, akamshika mikono yote miwili, ile mikavu, yenye alama za kisu cha kukatia matunda.

"Hukunifundisha hilo, mama," alisema. "Yote ulinifundisha, hilo hukunifundisha."